Maswali ya Wasomaji: Urubani wa Mfululizo au wa Hatua?

SWALI: Binti yangu amemaliza S6 (kidato cha sita) kwa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), anataka kurusha ndege za abiria. Shule moja inataka tulipie kozi nzima ya mfululizo. Nyingine inasema asome kwa hatua, tulipe leseni moja baada ya nyingine. Nauza vifaa vya ujenzi, pesa huja kwa msimu. Tufuate ipi? (Baba Mzazi, Mbale)

JIBU: Mzee wetu, leseni ya mwisho ni ile ile: CPL (leseni ya rubani wa biashara), pamoja na vibali vya kuruka kwa vifaa (kwa kusoma vifaa vya ndege bila kutegemea kuona nje) na vya ndege ya injini mbili. Tofauti iko kwenye saa na malipo. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinadai saa 200 za kuruka kwa CPL. Aliyesoma kozi ya mfululizo iliyoidhinishwa anaweza kuipata kwa 150. Saa 50 za Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, si pesa ya mchezo. Ila usiridhike na cheti cha shule kilichotundikwa mapokezi. Omba uone idhini ya UCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Uganda) inayoitaja kozi hiyo yenyewe.

Kwa biashara ya msimu, sisi tungechagua hatua, lakini asianze hatua yoyote kabla pesa yake yote haijawa benki. Mwanafunzi akikatiza miezi minne kusubiri karo, akirudi anatumia saa kadhaa kufundishwa upya kutua na taratibu za dharura, na saa hizo mnalipia ndege na mwalimu. Mapengo mawili ya namna hiyo yanaweza kumeza nafuu yote mliyoitafuta.

PPL (leseni ya rubani binafsi, hatua ya kwanza) kima cha chini ni saa 40. Wengi huzipita, kwa hiyo wekeni bajeti ya 55. Kisha inakuja kazi ya kukusanya saa, na hapa ndipo wengi huharibu. Anatakiwa afikishe saa 100 akiwa yeye ndiye rubani mkuu, basi anazimaliza akipaa na kutua uwanja wa nyumbani kwa sababu ni rahisi kupanga. Baadaye anaambiwa kibali cha vifaa kinadai saa 50 za safari za kutoka uwanja hadi uwanja akiwa rubani mkuu, na CPL inadai safari moja isiyopungua kilomita 540, atue na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Anarudi kukodi ndege tena! Apange safari hizo mapema. Entebbe–Soroti–Gulu–Entebbe inapita kilomita 700. Aondoke asubuhi, maana miezi ya mvua mawingu ya radi hujijenga mchana, na akilala njiani gharama ni yenu.

Mkichagua mfululizo, msilipe yote siku ya kwanza. Malipo yafuate hatua: baada ya kuruka peke yake, baada ya mitihani ya nadharia, na kadhalika, mkataba useme pia mtarudishiwa nini akiacha. Ulizeni ndege ngapi zinaruka wiki hii. Ndege ya mafunzo huingia karakana kila baada ya saa 50 au 100, na shule yenye ndege moja tu ya injini mbili ikiharibika, foleni inasimama. Soroti, penye chuo cha urubani, si mbali na kwenu: nenda siku ya kazi asubuhi, uhesabu ndege zinazopaa.

Tengeni pia fungu la mafunzo ya aina ya ndege, yaani ya kurusha aina moja mahususi ya ndege kubwa. CPL peke yake haimruhusu kurusha CRJ900, ndege ya abiria ya Uganda Airlines.

SWALI: Navaa miwani. Nisijisumbue? (Msomaji, Mukono)

JIBU: Jisumbue, dada au kaka. Cheti cha afya cha Daraja la Kwanza, kinachodaiwa kwa CPL, kinakubali miwani iwapo kila jicho linafikia 6/9 ukiwa umeivaa (yaani unasoma kutoka mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kutoka mita 9). Linalozuia zaidi ni kutotofautisha rangi. Pima kwa daktari aliyeidhinishwa na UCAA kabla hujalipa hata fomu ya shule, na ukipewa leseni, beba miwani ya akiba kila safari.