Re: Kijana wa Gredi 7 anakariri sosho (Social Studies) na bado anaanguka

Pole mama. Umesema anajaza madaftari na bado ramani inamshinda, hiyo ni kawaida, sosho ya JSS (sekondari ya chini) si ile ya praimari, wanachanganyiwa historia, jiografia na uraia kwa somo moja, leo Misri ya kale, kesho Great Zimbabwe (mji wa kale wa mawe kusini mwa Afrika), halafu utumwa, halafu katiba.

Anzeni na ramani. Chukua ile ya skeli ya 1:50,000, mwambie apime toka shule mpaka mtoni, kila sentimita 2 ni kilomita 1 ardhini, na kama barabara ina kona kona tumia uzi, aulaze polepole akifuata hizo kona kisha aunyooshe juu ya rula. Atashika tu.

Historia nayo usimpe tarehe kavu. Great Zimbabwe kuta ni mawe yamepangwa bila saruji yoyote, na kuna sarafu ya Kilwa, mji wa pwani ya Tanzania, iliokotwa huko, sasa muulize sarafu ya pwani ilifikaje bara kule? Akianza kutaja dhahabu na bandari ya Sofala kule Msumbiji jua ameelewa (hii topiki naipenda ajabu).

Katiba ya Kenya ya 2010 isiwatishe, chukueni Sura ya Nne, haki za msingi, asome kifungu kimoja akupe mfano wa hapo kwenu mtaani.

Na projekti ya shule usimfanyie wewe, mwalimu anajua mwandiko wa mzazi.