Mama, nikafundishe VICOBA Niger?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 26, naandika kutoka Dodoma. Shirika moja linanipeleka kujitolea mwaka mzima katika kijiji karibu na Maradi, Niger. Nimeandaa somo la VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, kwa akina mama, na daftari za hesabu nimeshanunua. Je, mkuu wa kijiji nimbebee zawadi gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Daftari ziache hapohapo Dodoma. Mimi nilizibeba mwaka 2006, pande hizohizo, nikaumbuka.

Niliwaita wanawake chini ya mti, nikaeleza hisa, mikopo, sanduku la kufuli tatu. Walinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha bibi mmoja akaingia ndani, akatoka na sanduku lake. Kufuli tatu! Kumbe mambo haya yalianzia kwao, Maradi, mwaka 1991, pamoja na shirika la CARE. Kwa Kihausa wanajiita Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye maarifa. Vikoba vyetu ni wajukuu wa hao. Na daftari hawakuwa nalo: kila mmoja anatoa kiasi kilekile kila wiki, aliyekopa anakumbukwa na wote. Aliyekuwa akikosea hesabu ni mimi mwenye kalamu.

Hesabu zenyewe zitakutoa jasho. Muuza vitunguu akikwambia "dala ashirin", anataka faranga 100. Nilimpa 20, akadhani namtania. Dala yao ni faranga 5. Waulize wazee wa hapo kwenu: sarafu yetu ya shilingi 5 nayo tuliiita dala, ndipo tukapata daladala.

Basi ukafanye nini? Kazi yangu walinipa wao, mwezi wangu wa tatu hivi huko, walipochoka kuniona nimekaa. Wanakamua mafuta ya karanga, makapi wanayakaanga na kuyauza, yanaitwa kuli-kuli. Mimi nikawa wa kupiga simu mjini kuulizia bei ya gunia, na kuwaandikia barua kwa Kifaransa changu cha kuokoteza. Basi, hilo tu. Na msimu wa mvua, Juni hadi Septemba, usiitishe kikao. Wako kwenye mtama.

Zawadi usibebe. Sokoni Maradi nunua goro, hizi kokwa za kola, umpelekee mzee. Atazigawa, nawe utapewa kipande. Ni chungu. Tafuna.