Apt na pip zinapogombania moduli moja

Ndugu yangu wa Likoni, unasema uliweka requests (moduli ya Python ya kuwasiliana na tovuti) kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu, ukaiweka tena kwa sudo pip, yaani kisakinishi cha moduli za Python kikipewa mamlaka ya msimamizi, upate toleo jipya, na sasa programu moja ya Ubuntu haifunguki. Pole, lakini linatengenezeka. Mimi lilinikuta kibandani kwangu Mwembe Tayari, nikafuta mashine nzima na kuanza upya. Ujinga mtupu, haikuhitajika.

Ya apt inakaa /usr/lib/python3/dist-packages. Ya pip imeingia chini ya /usr/local/lib, na Python huchungulia huko kwanza. Basi programu iliyozoea toleo la zamani inapewa jipya bila kuulizwa. Mafahali wawili zizi moja, na apt hana habari kwamba kuna mwenzake.

Andika pip show requests, usome mstari wa Location. Ikiwa ni /usr/local, ondoa kwa sudo pip uninstall requests. Tangu Debian 12 ya 2023 (Debian ndiyo msingi wa Ubuntu) pip hukataa kugusa Python ya mfumo mpaka uongeze --break-system-packages (jina lenyewe la kutisha), hata wakati wa kuondoa. Faili za /usr/lib usizifute kwa mkono. Zikiharibika, sudo apt install --reinstall python3-requests huzirudisha.

Kazi zako zipe chumba chao: sakinisha kwa apt python3-venv, kifurushi cha kuunda mazingira ya Python yaliyojitenga na mfumo, kisha python3 -m venv ~/kazi, halafu source ~/kazi/bin/activate. Humo tumia pip utakavyo, bila sudo.