Fundi anataka kupiga saruji nyumba ya miaka mia mbili, nimruhusu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi mzaliwa wa Lamu ila sasa niko Norfolk, Uingereza, mwaka wa tatu huu, mume wangu anafanya kazi shambani na tumepewa nyumba ya shamba tukae humo. Ni ya matofali mekundu, mlango katikati, madirisha mawili huku mawili kule, juu matano, lakini moja la juu limezibwa kwa matofali kabisa na majirani wanasema eti ni kodi. Nyuma kuna chumba cha baridi, juu ya mlango kumeandikwa Dairy kwa rangi iliyofifia. Shida ukuta wa pembeni unatoa unyevu ndani, rangi inabambuka, na fundi anasema apige lipu ya saruji nje kote halafu ang'oe madirisha aweke ya plastiki. Mume wangu ameshakubali, mimi moyo unasita. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Moyo wako umesita mahali pake, mwambieni huyo fundi asubiri kwanza.

Kwa ulivyoieleza hiyo ni nyumba ya zama za akina George, wale wafalme wanne waliofuatana kuanzia 1714 mpaka 1830, na ndo wakati mashamba ya Uingereza yalibadilika sana kwa sababu Bunge lilikuwa linapitisha sheria za kugawa ardhi iliyokuwa ya wote na kuizungushia ua, basi wenye mashamba makubwa wakatoka vijijini wakajenga katikati ya mashamba yao wenyewe. Huko huko Norfolk kwenye milki ya Holkham, mwenye milki hiyo, Thomas Coke, alimwajiri msanifu Samuel Wyatt kumjengea majengo ya shamba kwa mpangilio ule ule wa majumba ya wakubwa. Ndo maana nyumba ya mkulima ina uso uliopangwa sawasawa kama umekunjwa katikati, kulia na kushoto sawa. Ila zunguka nyuma uangalie vizuri, maana nyingi ni uso tu, ukipita mlango unakuta mbao za mwaloni za nyumba kongwe zaidi iliyovishwa matofali ili iende na wakati.

Sasa dirisha. Kodi ya madirisha ilikuwepo kweli, kuanzia 1696 mpaka 1851, nyumba ililipa kadiri ya idadi ya madirisha yake, na watu waliziba kweli, lakini sio kila dirisha lililozibwa ni kodi. Simama chini utazame pale matofali ya dirisha yanapokutana na ya ukuta. Kama kuna mstari ulionyooka kuanzia juu mpaka chini na tofali za ndani zina rangi nyingine, lilizibwa baadaye. Kama tofali zimeshikana na ukuta, moja inaingia huku nyingine kule, basi halijawahi kuwa dirisha, mjenzi aliliweka ili uso usikose jicho moja. Halafu panda juu uone ndani kuna nini nyuma yake, ukikuta bomba la moshi la jiko jibu umepata.

Na hayo maandishi ya Dairy, tafadhali sana msiyapake rangi! Chumba cha maziwa kilisamehewa kodi ya madirisha kwa masharti kiandikwe jina mlangoni, mkaguzi akija aone. Nimefurahi sana kusikia yako bado yapo.

Tuje kwenye unyevu, hapa ndo kwenye kazi. Chukua ufunguo ukwangue taratibu kati ya tofali na tofali. Ikitoka unga mweupe laini hiyo ni chokaa, ndo ya asili. Ukikuta kitu cha kijivu kigumu ufunguo unateleza tu, kuna mtu alishapitisha saruji, na inawezekana kabisa huyo ndo chanzo cha shida yenu. Ukuta wa zamani unakunywa maji ya mvua halafu unayatoa tena kupitia chokaa, jua na upepo vikipita umekauka. Ukiuziba kwa saruji maji yanabaki ndani, yanatafuta njia upande wa chumbani, na baridi ikishika yanaganda na kupasua uso wa tofali. Wewe wa Lamu hili unalijua, umeona nyumba za mawe ya matumbawe zilizopigwa saruji zinavyovimba na kumwaga lipu kila msimu, wakati ya jirani ya chokaa imetulia. Kwa hiyo dawa ni kutoa saruji kwa mkono, polepole, na kurudishia chokaa, na kabla ya hapo angalieni mabomba ya mvua yasiwe yanavuja na udongo wa nje usiwe umepanda ukutani.

Madirisha ya plastiki hapana. Kama vioo ni vya zamani, simama pembeni uangalie mti unavyoonekana ndani yake, utauona unapinda kama uko majini, kwa sababu kioo kilipulizwa kwa mdomo kikazungushwa. Hakirudi hicho. Dirisha la kupandisha lina vyuma vizito vimefichwa ndani ya fremu, vinaning'inia kwa kamba, na mara nyingi ugumu wote ni kamba iliyokatika au rangi iliyopakwa juu ya rangi. Fundi seremala anaweza kutengeneza. Kwa baridi ombeni kioo cha pili kwa ndani, na chunguzeni pembeni mwa dirisha kama kuna milango ya mbao imekunjwa ikapakwa rangi ikasahauliwa, mkiifungua mtaifunga usiku.

Kingine, nyumba za umri huo nyingi ziko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na hiyo orodha ya Historic England, shirika la umma la kulinda majengo ya kale, iko wazi kwenye intaneti, tafuta kwa jina la shamba. Ikiwemo, kubadilisha madirisha au kupiga lipu ya saruji bila ruhusa ya halmashauri ni kosa la jinai, na nyie ni wapangaji, ruhusa iombwe kupitia mwenye nyumba. Mwandikieni leo, na mumwonyeshe mume wako ule ukuta kwa ufunguo kabla fundi hajarudi.