Maandalio yote safi, lakini darasa la pili hawasomi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 34, nimeteuliwa mwaka huu kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku Mufindi. Walimu tuko 12. Wanne wamenizidi umri, na mmoja alinifundisha darasa la nne. Maandalio ya somo nayasaini kila Jumatatu, yote safi, lakini darasa la pili karibu nusu hawajui kusoma. Nikiingia darasani walimu wananuna, wanasema nawapeleleza. Nisimamieje kazi bila kuonekana sina adabu?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usilitegemee sana andalio. Linaonyesha alichokusudia mwalimu, na mara nyingine ni nakala ya mwaka jana. Wathibiti ubora wa wilayani, yaani wakaguzi wa shule, wanapita kwa nadra. Wa kila siku ni wewe.

Nikiwa mwalimu mkuu Mbeya Vijijini, asubuhi moja ya Julai nilikaa dawati la nyuma darasa la pili, watoto wamejikunyata ndani ya masweta. Wakasoma ukurasa mzima kwa sauti moja, vizuri kabisa. Nikamwomba binti niliyekaa naye anisomee mstari wa tatu peke yake. Akaanzia wa kwanza. Nikaufunika kwa kiganja, akanyamaza. Alikuwa ameukariri ukurasa wote.

Mwalimu wake hakuwa mvivu. Alikuwa na watoto zaidi ya 80, na kuitikia kwa pamoja ndiyo njia aliyoimudu. Mbele ya watoto sikusema neno. Mchana nilimfuata alikokuwa akisahihisha madaftari, nikamweleza nilichokiona, nikamuuliza: “Mama, tuwagawane vipi?” Tukakubaliana kila asubuhi nichukue 12 waliokwama, dakika 20 kabla ya kipindi cha kwanza. Tangu siku hiyo hakununa tena nilipoingia, maana alishaniona na chaki mkononi.

Kwa hiyo jipangie vipindi, na viwe vya madarasa ya chini, ambako kazi ni nzito. Kisha mwombe huyo mwalimu wako wa zamani aje akutazame ukifundisha, kabla wewe hujaenda kumtazama. Mwamkie shikamoo kila asubuhi, hata wanafunzi wakisikia. Uteuzi haukuondoi kuwa mwanafunzi wake. Ila akichelewa kipindi, mwambie siku hiyohiyo, mkiwa wawili. Ukilibeba hadi kikao cha walimu utakuwa umemwaibisha, na wazee wenzake watasimama upande wake.

Ukitazama somo, andika mistari mitatu tu: watoto walifanya nini, wangapi walijibu, wapi walikwama. Mwachie mwalimu nakala. Maneno kama “ufundishaji hafifu” hayamsaidii mtu.

Wapo watakaokuambia watoto hawasomi kwa kukosa fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinaweka kibali cha viboko mikononi mwa mwalimu mkuu, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Mimi sikutoa kibali hata mara moja kwa mtoto aliyeshindwa kusoma, na nakuomba nawe usitoe. Mtoto anayeogopa haoni herufi.

Jambo jingine, fedha. Ruzuku ya uendeshaji ikiingia, bandika ubaoni kiasi kilichoingia na kilichonunuliwa, hadi boksi la chaki. Mahindi ya uji yanayoletwa na wazazi yapimwe mbele ya kamati ya shule. Mwalimu anayekushuku kwenye fedha hatakusikiliza ukimweleza habari za kusoma.

Jumatatu ijayo, kabla ya kusaini chochote, chukua watoto kumi wa darasa la pili, mmoja mmoja, kiganja juu ya mstari. Andika jina la kila aliyekwama na neno alilokwama. Karatasi hiyo mpelekee kwanza mwalimu wao wa darasa, msome pamoja.