Jibu: Kwa nini wanamchanja mtu anayeugua nimonia kila mara?

Mkuu, umeuliza kwa nini daktari anataka kumchanja mdogo wako wakati nimonia inamrudia tena na tena, na VVU na kisukari ameshapimwa hana. Nimepitia njia hiyohiyo nikiwa Uingereza.

Chanjo hapo si tiba. Ni mtihani: wanaupa mwili kazi ya kutengeneza kingamwili (askari wa damu dhidi ya vijidudu) waone kama unaiweza. Damu inatolewa kwanza, anachanjwa, kisha inatolewa tena baada ya wiki 4 hadi 8. Akichomwa kabla ya damu ya kwanza, mtalinganisha na nini? Hilo msilikubali.

IgG yangu ya jumla (aina kuu ya kingamwili kwenye damu) ilikuwa ya kawaida, na daktari wa mwanzo akasema niko sawa, nipunguze mawazo (sentensi hiyo sisi wagonjwa wa kudumu tunaijua). Lakini IgG ya jumla ni wingi tu, haikuambii inamtambua mdudu gani. Daktari mwingine akanichoma chanjo ya nyumokokasi (bakteria wa nimonia) ya aina 23, yaani inalenga aina 23 za bakteria huyo. Karatasi ya majibu ilikuwa na safu mbili, kabla na baada, kila aina na mstari wake. Unakuta 0.3 imekuwa 0.4, 0.2 imebaki 0.2. Maabara nyingi huchukua 1.3 mikrogramu kwa mililita kuwa kinga ya kutosha, na mtu mzima hutarajiwa kuifikia kwenye asilimia 70 ya aina zilizopimwa. Mimi nilikuwa mbali kabisa.

Cha ajabu, kinga yangu ya pepopunda ilipanda vizuri. Ile chanjo ni protini, hii ya aina 23 ni sukari za ganda la bakteria, na mwili unaweza kuitikia moja ukainyamazia nyingine. Wakipima pepopunda peke yake wakafunga faili, gomeni. Kama alipata PCV (chanjo ya nyumokokasi wanayopewa watoto) utotoni, waambieni pia, maana baadhi ya aina zinaweza kuwa juu tangu mwanzo.

Immunoglobulini (dawa ya kuongezewa kingamwili) asianzishiwe kabla ya vipimo hivi, labda hali iwe mbaya sana. Inatengenezwa kwa plazma ya maelfu ya wachangiaji, kwa hiyo ukipima baadaye unasoma kingamwili za watu wengine. Mimi sasa najichoma tumboni kila wiki, na vifua vimepungua mno.

Chanjo za virusi hai, kama ya homa ya manjano, asubiri kwanza mpaka daktari huyo aruhusu. Majibu yakitoka, futa jina uyaweke hapa tuyasome.