Uzi Ulikuwa Mkono Mmoja

Wadogo zangu wauguzi mliopangiwa kliniki ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, karibuni. Wazazi wengi wataiita sikoseli. Nanyi iiteni hivyohivyo mkizungumza nao.

Mwaka wangu wa kwanza kazini mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi 8, viganja vyote viwili vimevimba, analia kila akiguswa. Mkono wa kulia alikuwa amefungwa uzi mweusi wa kinga. Nikaulaumu uzi. Nikaukata kwa mkasi, nikaandika panado ya maji, nikamsema mama kidogo, nikaita mwingine. Baada ya wiki tano mtoto akarudi mgongoni kwa bibi yake, amelegea, midomo imepauka kabisa. Himoglobini, ile inayobeba hewa ndani ya damu, ilikuwa gramu 3 tu kwa desilita. Aliongezewa damu usiku uleule, akapona.

Uzi ulikuwa mkono mmoja, mikono iliyovimba ilikuwa miwili. Hesabu ndogo namna hiyo ilinishinda.

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa kama wengine, kwa sababu himoglobini aliyotoka nayo tumboni bado inamlinda. Ikishapungua, karibu na miezi 6, ile yenye kasoro inachukua nafasi, chembe nyekundu zinapinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mifupa ya viganja na nyayo huumia mapema. Kwa hiyo ukiona mtoto mdogo kavimba mikono au miguu na hakuanguka, omba kipimo cha selimundu kabla hujatafuta wa kulaumiwa.

Na ile damu iliyopotea ilikwenda wapi? Ilinaswa kwenye bandama. Bandama huweza kujaa damu ndani ya saa chache, mtoto akapauka huku hakuna tone lililomwagika. Hili usimwachie daktari peke yake. Shika mkono wa mama, ulaze chini ya mbavu za kushoto za mwanawe, mwache apapase mwenyewe. Huku kwetu malaria nayo hukuza bandama, hivyo mama ajue ukubwa wa kawaida wa bandama ya mtoto wake siku akiwa mzima, aupime kwa vidole. Ikizidi na mtoto amepauka, ni kwenda hospitali palepale, hata kama ni saa nane za usiku.

Bandama hiyohiyo huharibika mapema, na mtoto akabaki bila mlinzi dhidi ya wadudu wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo. Ndiyo maana tunatoa penisilini ya kunywa, asubuhi na jioni, hadi afikishe miaka 5. Mama ataiacha mtoto akinenepa. Usimfokee, muulize chupa iliisha lini, utapata jibu la kweli kuliko ukimuuliza kama anampa dawa.

Kuna baba atakayekuambia, "Sista, kwetu ugonjwa huu haupo." Mweleze kwa upole, mama mkwe akiwa nje, kwamba mtoto huyu amepata kasoro kwa wote wawili, na kwamba wazazi wote wakiwa wabebaji, yaani wana kasoro bila kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Nimeona ndoa zikivunjika kwenye korido yetu kwa sababu maelezo haya yalitolewa vibaya.

Umri wa shule nitaupitia haraka, isipokuwa jambo la maji. Figo za watoto hawa hushindwa kuzuia maji yasipotee kwenye mkojo, kwa hiyo wanakunywa sana, wanakojoa sana, na wengi hukojoa kitandani wakiwa wakubwa. Mwalimu anayewanyima ruhusa ya kwenda chooni huwafanya waache kunywa maji, na upungufu wa maji huleta maumivu. Waandikieni barua ya shule, mistari mitatu inatosha. Na mtoto akisema anaumwa, anaumwa. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha maumivu, na wengine hucheza na simu huku mfupa unawaka. Akidondosha kikombe ghafla au mdomo ukaenda upande, hilo ni la dharura, kiharusi huwapata hata watoto wa miaka mitano.

Yule wa uzi nilikutana naye tena akiwa na miaka 14. Mfupi kuliko wenzake, sauti haijavunjika, macho ya manjano ambayo darasani yalishampatia jina. Balehe yao huchelewa na wanahitaji kuambiwa kwamba itakuja. Alikuwa ameacha haidroksiurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu. Mama yake alijibu kila swali langu kwa niaba yake, nami nikaandika "hana shida" kwenye faili.

Wiki iliyofuata aliletwa akiwa hawezi kutembea. Uume ulikuwa umesimama kwa maumivu tangu usiku, na haikuwa mara ya kwanza. Alikuwa akijimwagia maji na kunyamaza. Hali hiyo ikizidi saa mbili ni ya kukimbilia hospitali, maana ikichelewa uume huharibika moja kwa moja. Angemwambia nani, mama yake?

Siku hizi kuanzia miaka 10 namwambia mzazi, "Mama, tupishe kidogo, nizungumze na kijana." Mlango ukifungwa sianzi na dawa. Nauliza anasoma darasa la ngapi, anashabikia Simba au Yanga, kisha namwambia kwamba wavulana wengi wenye sikoseli hupatwa na jambo fulani usiku, nalitaja kwa jina lake bila kucheka, nanyamaza. Wengine hunijibu siku hiyohiyo. Wengine hujibu kliniki ya tatu.